Anwani ya Kinyozi

Kulikuwa na maneno kwamba ukiandika mlango wako kwenye fomu za chama cha kutetea wahamiaji, wino haujakauka watu wa uhamiaji wameshausoma. Niliyapata kazini, kwenye meza ya kukunjia mashuka ya hoteli, kwa shoga yangu ambaye tunakunja pamoja, yeye ncha mbili na mimi ncha mbili. Alisema kuna fundi rangi alijaza fomu Ijumaa, na Jumatatu chumba chake kikakutwa kitupu, sufuria bado lina chakula.

"Nani alimwona akichukuliwa?" nikamwuliza.

"Aonwe na nani, na wewe? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Vuta shuka."

Nikavuta shuka. Lakini lile neno lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Unameza mate, lipo. Unakunywa maji, lipo. Na kwa sababu ya neno hilo nilimfanyia mwanangu jambo ambalo sasa nawaandikia akina mama wenzangu mlio ugenini, ili mwingine asilifanye.

Nyumba tunayokaa ina mlango mmoja wa barabarani na vyumba sita, kila chumba familia. Familia tatu tuna vibali, tatu hawana. Kwa hiyo tulikubaliana zamani kwamba namba ya mlango ule haitamkwi. Ukiulizwa hospitali, shuleni au kazini unakaa wapi, unataja duka la kinyozi la pale kona. Kinyozi ni mwenzetu, duka lake lina karatasi zote, na barua zetu anaziweka kwenye boksi la mashine iliyoharibika. Kila Jumamosi mchana anazima mashine anayotumia na kuita majina kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Bwana Kiguu! Barua ya shule, mwanao kapiga mtu tena!" Watu wanacheka, kila mtu anachukua yake.

Alikuwa na sharti moja tu. Barua ya kawaida anapokea, ya kusaini hapokei. "Kalamu ya serikali ni ndoano," alikuwa akisema. "Ukiishika, imekushika." Na sisi sote tuliliafiki sharti hilo, mimi wa kwanza.

Mwanangu wa kwanza, msichana, nilimleta nchi hii mgongoni, hajatimiza miaka miwili. Sasa ana ishirini. Kazini walimpa jina la Spika kwa sababu akiongea sehemu ya kulowekea, sisi wa kukunja tunamsikia juu ya mashine zote, na mimi nikawa Mama Spika. Huko kwenye kulowekea kuna dawa ya kung'arisha mashuka inayochubua mikono. Glavu zilikuwa jozi moja kwa watu watatu. Mmoja akivua, mwenzake anavaa na jasho la yule. Mwanangu akaandika karatasi ya kuomba kila mtu apewe zake, akazunguka nayo, akapata majina arobaini na moja.

"Wewe ni mtoto wa wageni," nikamwambia. "Mgeni haulizi kwa nini mboga haina chumvi."

"Mama, tuko hapa mwaka wa kumi na nane. Huyo mgeni anaondoka lini?"

Nikamwambia ale alale.

Baada ya wiki mbili, saa nne asubuhi, watu wa uhamiaji waliingia kazini. Hawakuuliza kila mtu. Walimuuliza yeye, kwa majina yake yote matatu. Kibali changu humtambua mtoto mpaka afike kumi na minane. Chake mwenyewe alikuwa ameomba, hajajibiwa. Wakamchukua na aproni yake imelowa. Alipopita meza yetu aliniambia, "Mama, nenda chama," kama anayeniagiza kitu sokoni.

Nikaenda. Ofisi ya chama iko ghorofani, juu ya fundi viatu, na unanusa gundi ngazi nzima. Mtu wa kesi pale ni mwanamke ambaye watu wote wanamwita Mama Faili, maana hata akienda msalani ana faili kwapani. Alinisikiliza huku akiandika.

"Kesi ya binti yako si ngumu," akasema. "Ngumu ninazo nyingi. Hii inataka mtu mmoja asimame mbele ya msikilizaji wa kesi aseme: nilimleta mimi, mdogo, hajaishi kwingine. Mtu huyo ni wewe. Jaza hapa."

Akanipa fomu. Mstari wa nne uliuliza anwani ninapolala. Mkono wangu ukaandika duka la kinyozi. Mstari wa tano uliuliza namba ya simu, na nikabadilisha tarakimu mbili za mwisho. Sikupanga. Nilimwona tu yule fundi rangi na sufuria lake.

Mama Faili akasoma. "Hapa ndipo unapolala?"

"Ndipo."

"Kwa kinyozi?"

"Nyuma yake kuna chumba."

"Maana wito wa shahidi utaletwa hapo, mkononi, usaini. Mama, mimi si mpelelezi. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa," nikamjibu.

Akacheka, na mimi nikacheka. Kicheko hicho nikikikumbuka natamani kujipiga kibao.

Kule alikofungiwa simu ni Jumapili tu, dakika tano. Alinipigia Jumapili mbili, akasema siku ya kesi bado hawajamwambia, kwamba huwa wanaambiwa ikishafika karibu, Mama Faili atanijulisha. Kumwona sikwenda, kwa sababu langoni wanaandika unakotoka. Nilikuwa nafua, nakunja, narudi, nangoja. Nilijisemea barua itafika kwa kinyozi kama zinavyofika zote. Kwamba hiyo ilikuwa ya kusaini, nililisikia kwa masikio yangu mawili, na bado halikuingia. Hofu ikijaa kichwani, hakuna kingine kinachopata pa kukaa.

Jumapili ya tatu simu haikulia. Jumamosi zilizopita nilikuwa zamu, lakini iliyofuata nikaenda dukani. Kinyozi aliita majina yote, langu halimo.

"Na yangu?" nikauliza.

Akatabasamu, akanyoosha kiganja. "Mama Spika, weka asante hapa. Wewe nimekuokoa mara tatu!"

"Umeniokoa na nini?"

"Tarishi alikuja na barua ya kusaini. Nikamwambia huyo mama hayupo, hapa tunanyoa vichwa, hatunyoi majina. Akarudi kesho yake, nikamwambia kahama. Halafu Jumanne ile nyingine akaja mwanamke na mafaili kwapani, macho kama hajalala wiki, anakuuliza wewe. Nikamwambia sijawahi kulisikia jina hilo tangu nizaliwe. Akaniangaliaaa! Nikakaza uso hivi." Akakaza uso kuwaonyesha wateja, nao wakacheka.

Nikakaa kwenye benchi.

"Ilikuwa kesi ya mwanangu," nikasema.

Mashine ilikuwa bado imezimwa mkononi mwake, na mzee aliyekuwa kwenye kiti, amenyolewa nusu kichwa, akaniangalia kwenye kioo.

"Lakini dada," kinyozi akasema polepole, "si ndivyo tulivyokubaliana?"

Ndivyo. Hakukosea hata neno moja.

Jumatatu asubuhi sikwenda kazini, nilikwenda chama. Mama Faili hakunipigia kelele. Alikuwa na kikombe cha chai iliyoota ngozi juu, akakisogeza pembeni. Akaniambia kesi ilisikilizwa Jumatano ya kabla ya Jumapili ile simu haikulia, siku moja baada ya yeye kwenda kwa kinyozi. Alisema kila mlango ulipofunguka mwanangu aligeuka. Mara ya kwanza alikuwa karani, mara ya pili mtu wa maji. Msikilizaji akamwuliza, mama yako yuko wapi? Akajibu, anakuja, mama yangu hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Wakangoja nusu saa, Mama Faili akipiga ile namba ya uongo bila kupokelewa. Kisha ikaandikwa kwamba ushahidi hautoshi, arudishwe. Arudishwe kwenye nchi aliyoitoka na meno nane mdomoni.

"Ningekukasirikia," Mama Faili akasema, "lakini sina nguvu. Wewe ni wa nne wa kinyozi huyo mwaka huu."

Nikamweleza habari ya fundi rangi, nikidhani ataelewa.

"Yule? Alikwenda kumzika mama yake. Chumba aliniachia funguo mimi." Akajifuta uso kwa viganja viwili. "Hofu yenu siicheki, mama. Zipo ofisi ambazo ukiwapa jina linatembea. Hii si mojawapo. Lakini mngeniuliza. Mngekuja mkaniuliza tu, fomu zetu zinasomwa na nani."

Njia ilikuwa imebaki moja, kuomba kesi isikilizwe upya, ndani ya siku kumi na nne, na zilikuwa zimebaki mbili. Nami nilitakiwa kula kiapo, niandike kwa nini sikufika na ninapolala kweli. Namba ya mlango.

Nikaomba siku moja. Siku hiyo ilikuwa ya watu wa nyumbani.

Jioni tulikaa jikoni, jiko letu ni moja. Niliwaambia yote, hata ule uongo wa simu. Dada wa chumba cha tatu alikuwa ananyonyesha. Yeye na mumewe hawana vibali.

"Kwa hiyo wako atoke, wetu waingie?" akasema.

"Sijui kama watakuja. Naambiwa hawaji."

"Unaambiwa. Na mwaka jana nani alitukataza kuandika mlango kwenye kadi ya kliniki? Si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi."

Nikasema, "Kesho naandika. Nimewaambia leo msije mkasikia kwa watu." Sikuomba ruhusa, maana wangeninyima na bado ningeandika.

Mpaka Alhamisi familia tatu zilikuwa zimehama. Nilimsaidia dada wa chumba cha tatu kubeba godoro hadi barabarani. Tulilishika kama tunavyoshika shuka, yeye ncha mbili na mimi ncha mbili.

Uhamiaji hawakuja. Nawaambia wanaoniuliza hadi leo: hawakuja. Aliyekuja baada ya wiki tano ni tarishi, mtu mzima, kalowa mvua, akaniuliza jina, akanipa kalamu. Nikaikandamiza hadi nikachana karatasi. Akasema, "Taratibu mama, hii si mkopo."

Kesi ilisikilizwa tena. Niliyotakiwa kusema niliyasema kwa muda ambao mtu anakunja mashuka manne. Nilionyesha kadi yake ya chanjo, za kwanza za kule, nyingine zote za hapa. Msikilizaji, kijana tu wa umri wa mdogo wangu, alivua miwani. "Mama, maneno haya ungeyasema ile Jumatano, binti yako angelala kwenu siku hiyohiyo."

Nilisema ndiyo.

Ukijumlisha tangu siku ya aproni, alikaa ndani miezi saba. Sasa yuko nyumbani, anaripoti kila Jumanne mpaka kibali kitoke. Kazini hawakumrudisha. Lakini glavu zililetwa, kila mtu jozi yake, na shoga yangu akivaa zake anasema, "Spika huyo," halafu anaangalia chini, kwa sababu maneno ya fundi rangi aliyatoa yeye na hajui aanzie wapi kuniomba radhi. Mimi sina kinyongo naye. Alinipa neno, na mimi ndiye niliyelipeleka kwenye fomu.

Kinyozi ameliondoa lile boksi. Anasema tarishi akija atampeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa mtu. Anajitahidi. Mwanangu akipita anamwamkia kwa heshima, "Shikamoo mjomba," na yeye anaitikia bila utani wowote, na hilo ndilo linaloniambia kwamba linamuuma.

Mwanangu siku hizi anaongea polepole. Nilimwomba msamaha, akasema, "Mama, usijali, nimechoka tu." Tukikaa kula, mlango ukifunguka anageuka kuangalia nani anaingia. Anageuka hata nikiwa nimekaa mbele yake.

Basi, mama mwenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiandike anwani ya mtu mwingine kwenye karatasi ya kesi ya mwanao.

Usibadilishe namba ya simu. Ukiogopa, sema naogopa, waache wakueleze.

Usiikatae barua ya kusaini kabla hujajua inatoka wapi. Isome. Kama kusoma hakupandi, tafuta anayesoma.

Usimwagize mwenzio akukane bila kumwambia nani wa kukukana kwake na nani wa kumleta kwako.

Usilibebe neno ulilolipata kazini bila kumuuliza aliyelileta: wewe uliona?

Usijaze fomu ya mtu yeyote kabla hujamwuliza inasomwa na nani. Hili pia lipo, si kila ofisi ni ya Mama Faili.

Usiwafiche unaokaa nao nyumba moja. Waambie mapema, hata kama watakununia.

Usikose kwenda kumwona mtoto aliyefungiwa. Wakikuuliza langoni unatoka wapi, waambie.

Usingoje Jumamosi.