Dirisha la Chumba cha Mvinyo

Kifaa kilikaa chini ya nyumba yetu, kwenye chumba cha mvinyo. Ni boksi la bati lenye bomba linalovuta hewa ya chumbani, na namba nyekundu juu yake. Daktari Loredana, mtafiti wa chuo kikuu huko Napoli, alikileta mwezi wa tatu kwa sababu ufa wa ardhi unapita chini ya kijiji chetu. Alisema mwamba ukiminywa huko chini, gesi inajipenyeza juu, na labda, alirudia labda mara tatu, ikipanda sana inaweza kutuonya kabla ya tetemeko.

Kusoma namba alinipa mimi. Nadhani ni kwa sababu siongei ovyo. Nikitoka shule nashuka, naandika namba kwenye daftari, halafu pembeni, palipoandikwa Mabadiliko, naandika kama kuna kitu kimebadilika mle ndani. Namba namtumia yeye kwa simu. Alisema nisimwambie mtu mwingine.

Kwetu viatu vinalala mlangoni, vimeelekea nje, na ufunguo wa gari unaning'inia juu yake. Ni sheria ya babu Canio. Mwaka themanini, mwezi wa Novemba, alifukuliwa kwenye kifusi cha tetemeko akiwa na miaka kumi na tano. Mdogo wake Vito alifukuliwa siku ya tatu, na hakuwa hai.

Tangu Machi namba ilikuwa arobaini, arobaini na mbili, thelathini na tisa. Kila siku kwenye Mabadiliko niliandika: hakuna. Oktoba tukavuna zabibu, tukazikamua, na siku nne baadaye namba ikawa tisini. Kesho yake mia na sitini. Nikamtumia Daktari, hakujibu. Siku ya tatu ilikuwa mia mbili na kumi.

Babu alinikuta nimekaa chini. Aliuliza nina nini. Nilimwonyesha namba tu, naye akatoka mbio kugonga milango ya majirani.

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kwenye uwanja wa mpira, kimejibana kwenye magari. Bibi Incoronata, jirani yetu wa miaka themanini na tatu, alilala kwenye gari dogo, Panda, la mwanawe Gerardo, kajifunika mablanketi mawili na koti la marehemu mumewe. Baridi ilikuwa kali mpaka vioo viliganda. Aliniita dirishani akaniambia nisiwe na sura ya msiba, kwamba mara ya mwisho kulala na mwanaume garini alikuwa na miaka ishirini na alifurahi zaidi. Usiku wa pili alianza kukohoa. Usiku wa tatu gari la wagonjwa lilimchukua.

Ardhi haikutikisika hata kidogo.

Daktari Loredana alifika asubuhi yake. Alikuwa safarini, simu yake haikushika. Alishuka chini na babu, na mimi nyuma yao. Babu alitangulia na mshumaa, kama anavyofanya kila mwaka zabibu zikichachuka, maana mshumaa ukizimika kwa hewa mbaya unatoka haraka kabla na wewe hujazimika. Daktari hakuangalia hata kifaa. Aliangalia juu ukutani.

"Nani ameziba dirisha?"

Babu alimshangaa. Alisema dirisha linazibwa kila Oktoba, kwa magunia, ili zabibu zisipigwe na baridi. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake.

Daktari alifungua daftari langu. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mimi ndiye niliyeshika ngazi babu akipanda. Mimi ndiye niliyempa magunia, moja moja. Haikunijia hata kidogo kwamba hilo ni badiliko. Kwetu hiyo ni Oktoba tu. Gesi ya ardhini ilikuwa ileile ya siku zote, ila haikuwa na pa kutokea.

Nje Gerardo alikuwa anasubiri na nyundo. Alisema mama yake ana nimonia kwa sababu ya boksi la msomi, na wengine walimuunga mkono. Daktari hakunitaja. Nilitaka kusema ni mimi. Nikajificha nyuma ya babu. Babu ndiye aliyemtoa Gerardo mlangoni, akimwambia hasira zake azipeleke hospitali, zikakae na mama.

Nilienda mimi. Nilipanda basi peke yangu Jumamosi. Bibi Incoronata alikuwa amepungua, ana mpira wa hewa puani. Nikamwambia yote: magunia, ngazi, daftari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Mwanangu, mimi sikukasirikii," alisema. "Lakini nisikilize. Namba ikipanda tena, usije kwangu. Mimi garini silali tena. Nitakaa kitandani kwangu, litakalokuja lije."

Alirudi nyumbani mwezi uliofuata. Magunia yalishatolewa, mvinyo uko kwenye mapipa yaliyofungwa. Kwa muuza mikate bado wananiuliza, Rocchina, leo tunalala wapi, kitandani au uwanjani? Wanacheka, na mimi nachukua mkate naondoka.

Leo namba ni sabini na moja. Jana hamsini na nane. Nimeangalia dirisha, liko wazi. Mlango wazi. Mvua haijanyesha siku tisa, kwa hiyo hata udongo haujazibwa na maji. Nimeyaandika yote kwenye Mabadiliko, kwa herufi ndogo ndogo mpaka nafasi ikaisha. Daktari amejibu safari hii: labda si kitu, nisubiri, anakuja kesho.

Nimevaa viatu, nimevuka barabara. Nimegonga kwa Bibi Incoronata, na namsikia ndani akiniambia nirudi kwetu. Sijarudi. Nimegonga tena.