Mama Kijacho Amejifungua Salama

Siku dada wa msusi alipokata roho, simu ya marehemu haikunyamaza. Ilitetemeka juu ya benchi nje ya wodi ya wazazi, ikajisogeza hadi ukingoni, na msusi akaidaka kabla haijaanguka. Vidole vyake vilikuwa bado na mafuta ya nywele. Alikuwa ameitwa akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

Kioo cha simu kilijaa ujumbe.

"Mama Kijacho, mbona kimya? Umejifungua?"

"Au mtoto hafanani na baba, ndiyo maana unamficha?"

"Umaarufu umempanda kichwani huyo."

Mama Kijacho ndilo jina walilomjua nalo mtandaoni. Kampuni ya maziwa ya kopo ilimtafuta tumbo likiwa bado dogo, ikamfungulia ukurasa, na wajawazito wenzake wakawa wanamfuata hatua kwa hatua. Mwishoni miguu ilivimba hadi viatu vikamkataa, na kichwa kilimgonga usiku na mchana. Alipoomba ruhusa aende hospitali, aliambiwa tumalizie tangazo kwanza. Wakampiga picha kuanzia kiunoni kwenda juu.

Kifafa cha mimba, nesi alisema. Angeletwa mapema angepona. Mtoto naye alitoka kimya, akabaki kimya.

Meneja wa matangazo alifika na shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuta mama wa marehemu ameketi sakafuni, kwa kuwa hospitali ilishasema maiti haitoki mpaka deni lilipwe.

"Pole sana, mama. Yule alikuwa mmoja wetu," alisema. "Deni, jeneza, gari, vyote tuachieni sisi. Ombi letu dogo tu. Mazishini asipige mtu picha, wala asiandike mtu mtandaoni. Na kibao cha kaburi kisiandikwe jina kwanza."

"Kwanza hadi lini?" msusi aliuliza.

"Hadi mambo yatulie." Akamgeukia. "Dada, ulipopokea simu yake asubuhi nilidhani ni yeye. Sauti zenu ni moja. Tusaidie sentensi moja tu, useme kama yeye, kwamba amejifungua salama."

"Maiti aongee kwa mdomo wangu?"

"Kule kuna kina mama wana mimba. Unataka tuwatie hofu? Wengine wana presha."

"Yeye pia alikuwa na presha. Mkampaka poda."

Meneja alitazama saa yake. "Sawa. Basi abaki hapa hapa."

Mama alinyoosha mkono, akaushika upindo wa gauni la msusi kama mtoto anayeogopa kuachwa.

"Sema, mwanangu. Mimi nataka nikamlaze. Sitaki alale kwenye droo ya watu."

Msusi alisogezewa simu. "Wamama wenzangu, nimejifungua salama," alisema.

"Hapana, hiyo ni ya msibani," meneja alisema. "Weka furaha kidogo. Cheka mwishoni."

Akarudia. Akacheka.

Walizikwa katika jeneza moja, mama na mtoto. Shangazi yao alipotoa simu, dereva wa kampuni aliipokea mkononi mwake kwa upole, kama anamsaidia mzigo, akaitia mfukoni hadi mwisho.

Msusi alivumilia mpaka akashindwa. Siku moja, akiwa hana mteja, aliingia kwenye ukurasa kwa simu yake mwenyewe, akaandika: "Mimi ni mdogo wa Mama Kijacho. Dada amefariki, yeye na mtoto. Tumeshazika. Wewe ambaye miguu imekuvimba na kichwa kinakuuma, usisubiri, nenda hospitali."

Majibu hayakukawia.

"Mchawi mkubwa! Unamtakia mwenzio kifo?"

"Sauti yake tumeisikia kwa masikio yetu, na kicheko juu. Wewe nani?"

"Wivu wa mdogo mtu huo. Zaa wako, mama, upunguze roho mbaya."

Mwanamke mmoja tu hakutukana. Aliuliza: "Jamani, kwani miguu kuvimba ni mbaya kweli? Mimi yangu imevimba tangu juzi."

Msusi alianza kumjibu. Ukurasa ukamtangulia, kwa jina la dada yake na picha ya moyo mwekundu: "Usiogope, mpenzi. Mimi pia ilinivimba, na nimejifungua salama. Sikiliza sauti yangu hapo juu."

"Asante, dada," yule mwanamke aliandika. "Umenitoa hofu."

Msusi alibonyeza kutuma. Maneno yake hayakwenda. Alikuwa ameshafungiwa.

Siku hizi mtoto wa kwenye ukurasa ameota jino, ingawa uso wake hauonyeshwi, vidole vya miguu tu. Msusi bado anasuka. Mteja akimwambia sauti yake ameisikia mahali, yeye hutikisa kichwa na kuendelea kugawa nywele. Mama yake huenda makaburini na fagio, akasafisha. Kibao bado hakijaandikwa.