Sura ya Magamba ya Dagaa

Siku ya tathmini, darasa la urembo lilinuka dagaa.

"Nani kaleta mboga darasani?" mmoja akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. Kauthar, binti wa mwenye duka la vitenge mjini Sumbawanga, hakucheka. Dagaa walikuwa wake, na walikuwa usoni mwa Monika, modo wake, msichana aliyekubali kupambwa.

Kazi waliyopewa ilikuwa moja: pambeni uso bila kuharibu mazingira. Wenzake walikwenda dukani wakanunua rangi za kijani, wakachora majani mashavuni, basi. Kauthar hakununua kitu. Weusi aliutoa kwenye magunzi yaliyochomwa, wekundu kwenye vumbi la tofali, mng'ao kwenye magamba ya dagaa wa Kirando, na vyote akavigandisha kwa uji mzito wa ulezi.

Wanafunzi walitathminiana wenyewe, na wa kumtathmini Kauthar alikuwa Modesti, mgane wa kijiji cha Mollo, ambaye darasa lilimwita Babu Wanja. Hakuja chuoni kwa kupenda. Mkewe, Margareth, alikuwa na saluni. Alifia kwenye benchi la zahanati akisubiri gari la wagonjwa lililokosa mafuta, na siku hiyohiyo gari la mkubwa lilikwenda harusini. Hata matanga hayajaanuliwa vizuri, wakubwa wakaja kufunga saluni: haina mwenye cheti. Ndipo mtu aliyeishia darasa la nne akashika brashi kujifunza kupaka wanawake poda.

Kabla hawajaanza, mkuu wa chuo, Clemens, alimvuta kando.

"Mzee wangu, sema tu ni uchafu, tuendelee. Wiki ijayo nina wageni, siwezi kuwaonyesha mtu anayenuka kama mwalo wa samaki." Akatabasamu. "Na cheti chako bado kinangoja sahihi yangu, unajua."

Modesti alijua. Wenye kalamu ndivyo walivyo: hawakupigi, wanakuchelewesha.

Sheria ya darasa ilikuwa kwamba anayetathmini ndiye anayefuta. Akavuta stuli, akaketi mbele ya Monika, akaukagua ule uso kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Binti, cheka."

"Siwezi, baba," Monika akajibu bila kuachanisha meno. "Uji umekauka. Unanivuta mpaka masikio."

Darasa likalipuka. Kauthar akainamisha kichwa.

"Kosa la kwanza hilo," Modesti akasema. "Kauthar, uji umeusonga kama unalisha vibarua. Kiangazi hiki, na upepo wetu huu, lazima upasuke. La pili, dagaa hukuwaosha kwa ndimu. Ukimpamba hivi bibi harusi, paka watamsindikiza mpaka kanisani."

"Bibi harusi wa kwetu Waislamu watamsindikiza mpaka ukumbini, mzee," Kauthar akasema, na safari hii akacheka na yeye.

Clemens akapiga makofi. "Vizuri. Kwa hiyo ni uchafu. Anayefuata!"

"Sijamaliza."

Modesti akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu. Uso ukalainika, ukashuka wote kwenye beseni. Akanyanyuka nalo akatoka nje, darasa zima nyuma yake, mpaka jikoni kwenye kuku wa mpishi. Akawamwagia. Kuku wakaparamiana kugombea uji na magamba. Pembeni, shimo la taka lilikuwa likifuka moshi mweusi wa makopo ya rangi za kijani.

"Hao nao wametathmini," akasema. "Mkuu, mlituambia tusiharibu. Ni huyu peke yake hajaharibu. Uji atapunguza, dagaa ataosha. Huo moshi ninyi wenzake mtaurudishaje kwenye kopo? Kazi hii imefaulu, na wageni waionyeshwe."

Clemens akamsogelea. "Mzee Modesti, umefikiria cheti?"

"Nimekifikiria tangu asubuhi mpaka kimenichosha, mkuu. Kaa nacho. Wewe na wenzako mmezoea kukaa na vitu vya watu."

Hakuna aliyecheka. Clemens akageuka, akarudi ofisini kwake.

Modesti akamkabidhi Kauthar beseni tupu. "Kasuuze. Kesho njoo saluni, na Monika aje. Tuupike upya huo uji."

"Lakini saluni si wameifunga, mzee?"

"Kufuli ndiyo yao. Mlango ni wa Margareth."

Akatoka getini bila kuaga, akashika njia ya kwa fundi seremala kuazima nyundo.