Vioo vya Sebule ya Basil

Kilichomchoma Wilhelmina si lile joto. Joto alilijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kilichomchoma ni kusemwa mbele ya watu kwa kosa alilolikataza kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kubariki nyumba mpya ya Basil, mfanyabiashara wa madini, kule mtaa wa Bagara, upande unaotazama ziwa. Saa tisa alasiri jua la Oktoba lilishajaa sebuleni kupitia ukuta mzima wa vioo, na kiyoyozi kilinguruma bila faida. Padri alijifuta shingo mpaka leso ikalowa. Akina mama walihamia nje na sahani zao. Ndipo ukafika wakati wa kumtambulisha fundi, ambapo fundi huitwa mbele, akapigiwa makofi na kuvishwa shuka.

"Huyu ndiye Mama Allen, fundi wa madirisha," Basil alisema kwenye maikrofoni huku akicheka. "Kwa joto hili mtanisamehe. Ndio mafundi wetu wa Babati hao, unawaamini halafu wanakuangusha."

Watu wakacheka. Wilhelmina akabaki amesimama na shuka begani, amevishwa na kutukanwa kwa pamoja.

Ukweli ulikuwa huu. Miezi miwili nyuma, kuta zikiwa bado tofali tupu, alimweleza Basil mle mle sebuleni. Zile fremu nyembamba kama kidole, alizoziona Basil kwenye simu, zingebeba kioo kimoja tu, na kioo kimoja kinachotazama machweo kingewapika mchana na kuwagandisha alfajiri. Vioo viwili vyenye nafasi katikati huzuia joto, lakini vinataka fremu nene. Basil akakunja uso. Fremu nene, alisema, ni za maduka.

Wilhelmina hakuchoka. Akampa njia: tuchonge mfereji ukutani kabla ya plasta, fremu nene izame humo, kwa macho ionekane nyembamba vile vile. Angepata ziwa lake na ubaridi wake. Lakini tarehe ya Padri ilishapangwa, kadi zilishagawiwa, na Basil hakutaka plasta isubiri hata wiki moja. Kesho yake wapiga plasta wakaingia. Wilhelmina akafunga kioo kimoja kama alivyoagizwa, na hilo ndilo kosa pekee analolikubali mpaka leo. Bibi Romana, mama yake Basil, aliyeletwa kutoka Hanang kuja kukaa na mwanawe, siku ya mazungumzo hayo alikuwa ameketi pale juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisikia neno kwa neno.

Wiki moja baada ya baraka, Mwalimu Elieshi, aliyekuwa ameagiza madirisha ya nyumba anayojenga Mutuka, akapiga simu kwa sauti ya huruma. Alisema ameamua kuchukua madirisha Arusha. Wateja wengine wawili hawakupiga hata simu. Miaka kumi na sita ya kukata aluminiamu, ya kuambiwa mwanamke hawezi kazi hii na kuwaonyesha kwamba anaweza, ilifutwa na kicheko kimoja cha tajiri. Huo ni ungwana gani?

Kisha Basil mwenyewe akaja karakana.

"Mama Allen, yaishe. Njoo tubomoe plasta, uniwekee vioo viwili. Nitakulipa vizuri. Ila tufanye kimyakimya, watu wa hapa wana maneno mengi."

"Wewe ulinisema kimyakimya?"

"Ule ulikuwa utani tu."

"Basi kawaambie kwamba ulikuwa utani. Waambie nilikuambia, ukakataa. Ukishasema, kesho yake niko kwako na vifaa."

Basil akawasha gari akaondoka. Siku tatu baadaye, ukuta wote wa vioo ulikuwa umefunikwa kwa mablanketi. Mtu mzima mwenye mali zake aliona heri aishi gizani kuliko kutamka maneno mawili.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ikawa zamu ya jumuiya ya kanisa kusali kwa Basil. Wilhelmina alikwenda. Alikuwa mwanajumuiya kama wengine, na hakuona sababu ya kujificha kama mwizi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo saa kumi jioni, jua likiwaka nje, Mwalimu Elieshi alisoma Injili kwa tochi ya simu. Alipomaliza akauliza kama wangeweza kushusha blanketi moja.

"Tutaungua, Mwalimu," Basil alijibu. "Si unajua mafundi wetu."

"Usimseme tena," Bibi Romana alisema. "Alikuambia. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Alitaka mchonge ukuta, wewe ukasema Padri hasubiri."

"Mama, tutaongea baadaye."

Wilhelmina alidhani angefurahi. Badala yake hasira ilimpanda upya, maana mama huyu alikuwepo pia siku ya kubariki, na alinyamaza.

"Asante, Bibi," alisema. "Ila na siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo," Bibi Romana alijibu.

Wilhelmina akamgeukia Basil. Hakuna aliyefungua kitabu cha nyimbo. Mwalimu Elieshi alizima tochi, akangoja kama wengine.

"Aliniambia," Basil alinong'ona, macho sakafuni. "Nikakataa."

"Sema kwa sauti," Wilhelmina akamwambia. "Siku ile ulitumia maikrofoni."