Boya Lililomwokoa Babu

Bi Masouda wa Azaiba, macho yakiwa hayaoni tena, alimwandikisha mtumishi wake Nalule kisa cha babu yake, wajukuu wakisome Ijumaa. Babu alikuwa mtia makaa kwenye meli kubwa ya abiria iliyozama miaka mia na kitu iliyopita.

"Akaokolewa na boya."

Nalule akasita. Nairobi, alikojifunza Kiswahili, boya ni mtu mjinga.

"Bibi, huyo boya aliitwa nani?"

Bi Masouda akacheka mpaka akakohoa. "Si mtu, weye! Duara la kuelea."

"Alilishika peke yake?"

Kicheko kikakatika. Hilo hakuwahi kuulizwa.

"Na mwenzake. Halikuwabeba wawili, babu akamsukuma."

Nalule akainua kalamu. "Niandike, Bibi?"

"Nnakwambia ili uandike. Na jina la mwenzake utie: Feruzi."