Dakika Tano za Oksijeni

Katika hospitali ile ndogo kwenye njia ya Kharumwa, hakuna aliyebana vitu kama Hosiana, mtaalamu wa usingizi. Pamba aliikata nusu, na oksijeni aliifunga mapema. Mitungi ilitoka mbali na wajawazito walikuwa wengi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia ana mkono wa birika.

Asubuhi hiyo aliletwa Mzee Mabula, mchimbaji wa zamani, utumbo umenyongwa na ngiri. Hali yake isingesubiri safari ya rufaa, na moyo ulikuwa umechoka: dawa ya kawaida ya usingizi ingemshusha presha asirudi tena, na sindano ya mgongoni vilevile. Ulikuwepo mtungi mmoja wa zenoni, gesi ghali isiyousumbua moyo, ulioachwa na watafiti waliomfundisha Hosiana kuitumia. Ilibaki ya mgonjwa mmoja tu. Ili isipotee, mashine yake hufungwa: pumzi anayotoa mgonjwa hupita kwenye chokaa, ikachujwa hewa chafu, kisha humrudia mwenyewe.

"Shikamoo, baba. Vuta pumzi ndefu."

"Marahaba, mayu," mzee akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Watafiti walisema kwanza avute oksijeni tupu dakika tano, ili naitrojeni imtoke mwilini. Hosiana alimpa mbili, akafunga, akafungulia zenoni. Mabula akalala.

Nusu saa baadaye kioo cha mashine kilisoma zenoni asilimia hamsini badala ya sitini na tano. Kisha arobaini na tano. Kidole cha Mabula kikacheza.

"Mgonjwa wako anaamka," alisema Daktari Eustace, mikono ikiwa tumboni mwa mzee.

Hosiana alielewa, na aibu ikamshika. Naitrojeni ambayo hakuitoa mwanzoni ilikuwa ikitoka yenyewe polepole na kujazana kwenye mipira ya mashine, zenoni ikakosa nafasi. Dawa ilikuwa moja: kumwaga hewa yote ya mashine na kujaza upya.

"Bado muda gani?"

"Dakika ishirini."

Hosiana akafungua mashine. Mwanamke wa kukata pamba nusu alisimama akisikiliza gesi ghali ikipotelea chumbani. Alipomaliza kujaza, mshale wa mtungi ulikuwa karibu na sifuri.

"Nimekosea mimi, Daktari. Nilibana oksijeni. Shona haraka."

Eustace aliomba uzi. Alishona. Mshale ulilala kwenye sifuri zikiwa zimebaki nyuzi mbili, na Hosiana akabaki kumwomba Mungu kilichokuwa kikizunguka ndani kitoshe. Kilitosha. Presha haikuyumba.

Dakika chache baada ya kutolewa mpira wa kupumulia kooni, Mabula alifumbua macho.

"Mayu, ile hewa ya kwanza mbona uliifunga? Nilikuwa bado naitaka."

"Nilikuwa nawawekea wengine, baba."

Mzee akafikiri. "Shimoni tulibana chakula, tukabana na tochi. Siku moja tukazima feni ya kuleta hewa, kubana dizeli. Tulimzika mdogo wangu."

Hosiana alimvalisha barakoa, akafungulia oksijeni, akavuta stuli na kukaa karibu naye. Safari hii hakutazama saa.