Somo la Nusu na Robo

Mwalimu wa hisabati wa darasa la tatu, ambaye watoto walimpachika jina la Mwalimu Rula, aliandika andalio la somo kama mtu anayeandika wasia: kila kitu mahali pake, na kila mtu ajue atakachopata. Aliposikia mkaguzi anakuja, akaongeza hata safu ya majibu ambayo wanafunzi wangetoa.

Asubuhi akachukua mkate mezani.

"Mwanangu, chai tutanywa na nini?" mama mkwe akauliza.

"Na subira, mama. Huu leo ni zana ya kufundishia."

Kipindi kikaanza, mkaguzi haonekani. Mwalimu Rula akangoja, akachoka, akafundisha. Akakata nusu, akakata robo. Mtoto mmoja alishikilia kwamba robo ni kubwa kuliko nusu, maana nne inaizidi mbili. Akaambiwa achague kipande ale. Akachukua nusu bila kusita, na kabla hajameza alikuwa ameshaelewa. Darasa likacheka, likaelewa, likala.

Kengele ikikaribia, mkaguzi akaingia, mkuu wa shule nyuma yake akijifuta jasho. Mkaguzi akalisoma andalio, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi. Anza."

"Samahani, mheshimiwa, tuko kwenye hitimisho."

"Fomu yangu inaanza na utangulizi. Siwezi kukagua mkia nikaacha kichwa."

Mkuu wa shule akamkonyeza. Mwalimu Rula akatoa mkate uliobaki, akauliza nani anajua nusu ni nini.

Wale wale wenye makombo mdomoni walimkodolea macho kama waliozaliwa jana. Hatimaye msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Nusu ni jina la mtu, mwalimu?"

Mkaguzi akawasikitikia. Lakini haukupita muda, wakawa wanataja nusu, robo, hata robo ya robo, huku kila jibu likilipwa kipande. Mkaguzi akavua miwani.

"Kutoka gizani hadi nuruni, kipindi kimoja," akasema. Akaagiza walimu wa shule zote za jirani waje kujionea.

Wakaja, kundi baada ya kundi. Mkate sasa ulinunuliwa na shule, na watoto wakazidi kubobea katika ujinga. Mmoja alifika mahali pa kusahau kuhesabu vidole. Kuzidisha na kugawanya vikangoja foleni. Mwalimu Rula alionja sifa, akaziona tamu, mpaka siku alipofungua azimio la kazi la muhula akakuta wenzake wako mbali, yeye bado anakata mkate. Aibu ikamshika.

Kundi lililofuata lilipoketi, akaweka kisu chini.

"Walimu wenzangu, niseme ukweli. Somo hili watoto wanalijua kama majina yao. Wanajifanya hawajui ili wale, nami nimewaachia tu."

Wageni wakainamisha vichwa. Alidhani wanamwonea haya, kumbe wanaandika. Mwalimu mmoja wa makamo akainua kalamu.

"Samahani, dada. Hilo la kujifanya hawajui, tuliweke kwenye utangulizi au kwenye hatua ya maarifa mapya?"

Mwalimu Rula akamtazama. Akawagawia wageni mkate wote, akafuta ubao, akaanza kuzidisha.